Safu ya Walimu: Hesabu za shafti ya mashine ya kusaga

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kamba ya 3, 4 na 5, namna ya kupata pembe mraba wakati wa kujenga nyumba. Tumefurahi kuona vijana wa upande wa juu wameitumia kwenye choo kipya cha kanisa. Mwezi huu tunaomba tuingie karakana, fasi chuma kinapokatwa, maana kuna maneno tunayasikia kila muhula ukiisha, wazazi wakija kuchukua matokeo.

Maneno yenyewe ni haya: "Mwalimu, huyu hesabu hakuna kitu. Tumupeleke tu ufundi." Mzazi anasema hivyo mbele ya mtoto, mtoto anainamisha kichwa, na jambo limekwisha. Kesho yake anaanza kuulizia fasi ya kujifunza kuchomelea au kukereza vyuma mjini.

Sisi hatupingi ufundi, tunautaka sana. Katika kambi hii watu wenye kula kwa mikono yao ni mafundi, na wengi wao hawakuwa wa kwanza darasani. Lakini ufundi si mmoja. Kuna kazi ambayo mtu anaanza kwa kubeba na kuangalia, na hesabu inamfikia polepole. Ufundi wa mashine za chuma hauko hivyo. Huko hesabu inakaa mlangoni. Mtoto anayekimbia hesabu darasani ataikuta karakana inamsubiri, tena huko ni kali zaidi, sababu kwenye daftari ukikosa unafuta, lakini chuma ukishakitoa hakirudi.

Tuchukue kitu ambacho kila mmoja hapa anakijua, mashine ya kusaga mahindi. Shafti yake ikilika pale inapokaa beringi, mashine inaanza kupiga kelele, mwishoe inasimama. Na ikisimama, mama zetu wanabeba debe kichwani mpaka upande mwingine wa kambi na kupanga foleni. Mwenye mashine anaitoa shafti, anaipeleka mjini kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kimesimama na kukichonga. Wale waliosoma mekanike Kongo wanaijua kwa jina la tour. Twende na hiyo shafti tuone ni hesabu gani inakutana nazo.

Kwanza beringi. Ile ya zamani imeandikwa 6205. Vijana wengi wanafikiri ni jina tu kama namba ya simu. Kumbe ni hesabu ya kuzidisha kwa tano. Angalia tarakimu mbili za mwisho, 05, zidisha kwa 5, unapata 25. Hiyo ndiyo milimita ya tundu la ndani, yaani shafti inayoingia ni ya 25. Beringi 6204 ni 20, 6206 ni 30, 6208 ni 40. Inaanza kufanya hivyo kwenye 04 kwenda juu. Zile ndogo chini ya hapo ni za kukariri: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Tulipowaonyesha watoto wa darasa la sita jambo hili walishangaa sana, na wiki nzima walikuwa wanazunguka kwa mafundi wa pikipiki kuomba beringi mbovu wazisome.

Sasa chuma. Chuma cha mviringo kilichopatikana dukani ni cha inchi moja. Shafti inatakiwa milimita 25. Inchi moja ni milimita ngapi? Ni 25.4 kamili, si zaidi si pungufu. Nchi zinazotumia inchi zilikubaliana hivyo mwaka 1959. Basi chuma ni 25.4 na kinatakiwa 25. Kitu kidogo tu, mtu atasema. Hicho kitu kidogo ndicho kazi yenyewe.

Maana 25 nayo si 25 tu. Beringi inatakiwa ikae imebana, isizunguke juu ya shafti. Kwa shafti ya milimita 25 ya kazi kama hii, jedwali la mafundi linaruhusu kuanzia 25.002 mpaka 25.015. Ikizidi hapo beringi haitaingia vizuri au itabanwa sana, ikipungua italegea. Fundi mwenye akili analenga katikati, 25.01. Hiyo ni milimita 25 na sehemu moja ya mia. Unywele wa kichwa chako ni mnene kupita hapo mara kadhaa.

Hapa ndipo tunapoona watoto wetu wanaanguka. Waandikie namba tatu, 25.1 na 25.01 na 25.001, uwaulize ipi ni kubwa. Wengi watasema 25.001, sababu ni ndefu. Hawa si wajinga. Wamezoea kwamba namba yenye tarakimu nyingi ni kubwa, na kwa namba nzima ni kweli. Dawa tunayotumia ni kuzijaza sifuri mpaka ziwe na urefu mmoja: 25.100, 25.010, 25.001. Hapo mtoto mwenyewe anacheka. Mzazi anaweza kufanya zoezi hilo nyumbani jioni kwa kijiti kwenye mchanga, haliombi kitabu.

Kuna kijana mmoja wa kambi hii, jina tunaliacha, alipata bahati ya kupokelewa kwenye karakana moja mjini ajifunze kazi. Mkubwa wake akamwachia chuma cha 25.4, akamwambia akishushe kifike 25.01. Kijana akafanya hesabu yake kwenye karatasi: 25.40 toa 25.01 inabaki 0.39. Sawa kabisa, hata sisi tungempa alama. Akazungusha gurudumu la kisu 0.39, akapitisha. Alipopima akakuta 24.62. Beringi ikaingia bila kupigwa, ikacheza kama pete ya baba kwenye kidole cha mtoto.

Mliosoma mmeona kilichotokea? Chuma kinazunguka. Kisu kikiingia 0.39 upande mmoja, kinachonga kuzunguka kote, kwa hiyo kipenyo kinapungua 0.39 upande huu na 0.39 upande ule, jumla 0.78. Alitakiwa aingize nusu, yaani 0.195. Tofauti ya kipenyo na nusukipenyo, ambayo tunaichora ubaoni kila mwaka na watoto wanapiga miayo, ilimlipisha yule kijana chuma kizima. Mwenye karakana alikata bei yake kwenye pesa ya chakula cha kijana, na mama yake akauza maharage aliyokuwa ameyaweka kwa mbegu ili mtoto arudi kazini. Mashine ya kusaga ilikaa siku nne zaidi.

Tuongeze jambo moja ambalo anayeanza kazi lazima aulize siku ya kwanza. Mashine nyingine magurudumu yake yameandikwa kwa nusukipenyo, nyingine yameandikwa tayari kwa kipenyo, kwamba ukizungusha 0.39 kipenyo kinapungua 0.39. Ukiangalia kwa macho zinafanana. Kuuliza si aibu. Na asiyejua hesabu hata hajui kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Mama zetu washonaji wanalijua jambo hili kuliko wanavyofikiri. Mama anapima kiuno, anagawa kwa nne, anaongeza ya mshono, anakata kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Anajua kabisa kwamba akipunguza sentimita moja kwenye kitambaa kilichokunjwa vile, nguo itapungua nne. Ni akili ileile ya kipenyo na nusu. Kwa hiyo mama akisema "mimi hesabu sijui, siwezi kumusaidia mtoto", sisi tunakataa. Mwite mtoto akae karibu na cherehani. Na tukisema mtoto tunasema wasichana pia. Msichana anayeweza kukata blauzi ikakaa mwilini, hatuoni kitu kinachomzuia kushika mashine ya kukereza.

Sasa tuje kwenye shida ambayo ni yetu sisi tuliovuka mpaka. Wenyeji wa Uganda hawana shida hii. Sisi tulioanza shule Kongo au Burundi tulifundishwa kuandika ishirini na tano na sehemu nne ya kumi kwa koma: 25,4. Hapa wanaandika kwa nukta: 25.4. Hilo ni dogo, mtu anazoea. Ubaya uko kwenye maelfu. Kule elfu moja na mia mbili wengine wanaiandika 1.200 na hapa wanaiandika 1,200. Angalieni vizuri. Alama ambayo huku inatenganisha maelfu, kule inatenganisha desimali. Mtoto aliyehama darasa la tano akiwa katikati anaona 1,250 kwenye karatasi, je, ni elfu moja mia mbili hamsini, au moja na robo? Dukani atajua kwa akili, sababu chuma cha milimita moja na robo si shafti. Lakini kwenye mtihani, na kwenye mchoro wenye vipimo vidogo, akili hiyo haisaidii.

Sisi walimu tumekubaliana hivi, na tunaomba wazazi mtusaidie nyumbani. Kwenye maelfu tusiweke alama yoyote, tuandike 1200 tupu. Kwenye desimali tutumie nukta, sababu mitihani ya hapa inataka hivyo. Na kama namba ni chini ya moja, tuweke sifuri mbele, 0.39, wala si .39, maana nukta ya kalamu mbovu inapotea kwa urahisi na sifuri haipotei.

Kuna na moja na saba. Sisi tunaandika 1 yenye mkono mrefu unaopanda kutoka chini, na 7 tunaikata katikati kwa mstari. Wenyeji wengi wanaandika 1 kama fimbo tu. Basi 1 yetu, wao wanaisoma 7. Mtu mmoja alituma karatasi dukani akitaka chuma cha milimita 21, akakatiwa cha 27. Kilishakatwa, hakirudishwi, na bei ya 27 ni kubwa. Tangu tusikie hiyo habari tunawarudisha hata wanafunzi wakubwa kwenye kuandika namba kama watoto wa chekechea. Wanalalamika. Wacha walalamike.

Kugawa nako: kule tunaweka kigawanyi upande wa kulia wa mstari, hapa wanakiweka kushoto. Jibu ni lilelile. Mtoto asipigwe wala asichekwe kwa njia ya kule, lakini ajifunze kuisoma na ya huku, maana fundi wake atamwandikia kwa njia ya huku.

Turudi kwenye shafti. Kabla ya kuwasha, fundi lazima achague mwendo: chuma kizunguke mara ngapi kwa dakika? Watoto wakishikana mikono kwenye mstari na kuzunguka, wa katikati anatembea, wa mwisho anakimbia mpaka kiatu kinatoka. Chuma kinafanya hivyo hivyo. Chuma kinene na chembamba vikizunguka sawa, kile kinene ngozi yake inapita kwenye kisu kwa kasi zaidi. Kisu kinapata moto, kinageuka rangi ya bluu na ukali wake umekwisha. Kwa chuma laini cha kawaida na kisu cha mashine kisicho cha kabaidi, mafundi wanachukua kama mita 25 kwa dakika.

Mita 25 ni milimita 25000. Mzunguko mmoja wa chuma chetu ni mzingo wake, 3.14 mara 25.4, karibu 79.8. Gawa 25000 kwa 79.8, unapata kama 313. Mashine haina kila namba, ina hatua zake, basi unachukua iliyo karibu kwa chini. Na mafundi wana njia ya mkato: chukua 8000 ugawe kwa kipenyo. Jaribuni: 8000 gawa kwa 25.4 ni 315. Kwa chuma cha 50 ni 160, kwa cha 100 ni 80. Mwanafunzi wetu mmoja aliuliza hiyo 8000 imetoka wapi, na tulifurahi kuliko kama angepata mia kwa mia. Imetoka hapohapo, 25000 gawa kwa 3.14 ni 7962, wakaizungusha. Fundi aliyeikariri tu atakwama siku akiletewa shaba nyeupe au alumini, ambazo zinakatwa kwa mwendo mkubwa zaidi. Aliyeelewa atabadilisha namba ya juu na kuendelea.

Hata kununua chuma kuna hesabu. Chuma cha mviringo kinauzwa kwa kilo fasi nyingi, na mizani ya dukani mnaijua tabia yake. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162. Unapata kilo za mita moja. Kwa chetu cha inchi: 25.4 mara 25.4 ni 645, gawa kwa 162 ni karibu 3.98. Basi mita moja ni kilo nne, na kipande cha sentimita 60 ni kilo 2.4. Muuzaji akikwambia tatu na nusu, mwombe apime tena kwa heshima. Hesabu hii inafaa hata kwa vyuma vya kujengea: cha milimita 12 ni 144 gawa kwa 162, kama kilo 0.89 kwa mita.

Wengine watatuambia siku hizi mashine zinaendeshwa na kompyuta, zinajifanyia zenyewe. Zipo kweli, na viwanda vikubwa vinazitumia. Lakini kompyuta inafuata ilichoandikiwa. Kwenye mashine ya kukereza ya namna hiyo, uso wa chuma kwa kawaida unaitwa sifuri, na kuingia ndani ya chuma ni hasi. Ukiandika Z-30, kisu kinakwenda milimita 30 kwa ndani. Ukisahau ile alama ndogo ya kutoa, kinakwenda milimita 30 upande wa nje, hewani. Mwaka huu mtoto mmoja wa sekondari alituuliza namba hasi zina faida gani kwa mtu asiye na deni. Tunamjibu kupitia safu hii.

Na simu zina kikokotoo, ndiyo. Tunaruhusu. Ila tunamtaka mwanafunzi aseme kwanza kwa kukisia jibu litakuwa karibu na ngapi, ndipo abonyeze. Kidole kikigusa nukta vibaya simu haimwambii.

Mtauliza tunafundishaje haya yote wakati hapa kambini hakuna hata mashine moja ya kukereza. Tunafundisha kwa makopo. Kopo la nyanya, uzi, rula: zungusha uzi, upime, gawa kwa kipenyo, na kila kopo linatoa tatu na kidogo. Watoto wakishapata hiyo kwenye makopo saba hakuna anayesahau pai. Kalipa tumetengeneza kwa katoni ya sabuni. Rula ya kawaida inabaki ilivyo. Pembeni yake unatelezesha kipande cha katoni chenye urefu wa sentimita 9, kimegawanywa sehemu 10 zilizo sawa, kila moja milimita 9. Ukipima kitu, unatafuta mstari gani wa katoni umelingana sawasawa na mstari wa sentimita wa rula, na huo unakupa milimita. Ni akili ileile ya kalipa ya chuma, ambayo ile ya kweli inasoma mpaka sehemu ya ishirini au hamsini ya milimita. Aliyeichapisha ni Mfaransa, Pierre Vernier, mwaka 1631, na ndiyo maana mafundi wanaiita vernia. Kijana aliyezoea ya katoni, akipewa ya chuma mjini hatetemeki.

Bolti nazo ni kitabu. Chukua bolti ya milimita 10, iweke juu ya rula, pima urefu wa meno kumi. Mara nyingi utapata milimita 15. Basi jino moja ni 1.5. Ukitaka kukata meno ya ndani ya kuingiza bolti hiyo, tundu la kutoboa kwanza ni 10 toa 1.5, yaani 8.5. Bolti ya 6 ina jino la milimita 1, tundu lake ni 5. Ya 8 ina jino la 1.25, tundu ni 6.75, na kwa biti za dukani unachukua 6.8. Mtoto wa darasa la saba anaweza. Tuna watoto wa darasa la saba ambao wameshaweza, na wawili kati yao ndio wale walioandikiwa kwenye ripoti kwamba hesabu ni dhaifu.

Ndiyo sababu tunawaomba wazazi: mtoto akileta alama mbovu za hesabu na anapenda vyuma, msitoe hukumu siku hiyo. Mleteni Jumamosi alasiri kwenye darasa letu la makopo, nyuma ya shule ya msingi. Hatulipishi. Akae nasi muhula mmoja, kisha ndiyo tuongee juu ya kozi ya mjini, maana kozi nyingi zina jaribio la hesabu kabla ya kuingia, na pesa ya fomu hairudi mtu akianguka. Na kwa mafundi wa baiskeli na pikipiki, tunawaomba bolti zilizokwisha, nati, puli zilizopasuka na beringi mbovu. Msizitupe wala msiziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla sisi hatujapita.

Zoezi la familia la mwezi huu. La kwanza: injini ya mashine ya kusaga inazunguka mara 1500 kwa dakika na puli yake ina kipenyo cha milimita 200. Mwenye mashine hataki mashine yake izidi mara 2500. Puli ya mashine iwe ya milimita ngapi? (Puli mara mizunguko upande mmoja, ni sawa na puli mara mizunguko upande wa pili.) La pili: bolti ya milimita 12, meno kumi yana urefu wa milimita 17.5. Tundu la kutoboa ni ngapi? La tatu ni la kuchora: kata duara kwenye katoni, halafu uweke matundu sita yaliyoachana sawasawa kuzunguka pembeni, bila kupima pembe, kwa kutumia bikari peke yake na bila kuifungua zaidi wala kuifunga. Nani ataona siri yake?

Majibu mlete kwenye sanduku la jarida kabla ya tarehe 25, jina la familia liandikwe juu, na 1 iandikwe kama fimbo.